Mke wangu anakunywa dawa ya sonona pamoja na ya kifua kikuu: je, damu yake ipimwe?

Mama Mshauri,

Pokea salamu kutoka Kadutu, hapa Bukavu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka arobaini na miwili, na mke wangu ana miaka thelathini na sita. Tuna watoto watatu walio hai. Wa nne tulimzika mwaka jana akiwa na miezi minane, na tangu siku hiyo mama yake hakuwa tena yule ninayemjua. Alikuwa akiuza sambaza sokoni tangu alfajiri, akijulikana kwa mzaha wake na wateja. Akaanza kulala kutwa nzima uso ukielekea ukutani, hali, hasemi, na usiku unapoingia ndipo macho yanapokataa kufumba. Wengine walisema ni mawazo, wengine wakanong'ona kuhusu majirani. Mwishowe tulifika kwa daktari wa magonjwa ya akili, aliyetuambia kwamba ni sonona, ile ambayo sisi tunaiita depresyo, akamwandikia amitriptilini. Alianza na kidonge kimoja cha miligramu 25 wakati wa kulala, akapandishwa polepole hadi vitatu. Katika wiki ya tano au ya sita nilirudi jioni moja nikamkuta anapepeta mchele huku akimwimbia mtoto wetu mdogo. Nilikaa kizingitini bila kusema neno, nikiogopa kwamba nikiingia ataacha.

Hali hiyo nzuri ilidumu miezi minne. Kisha akaanza kukohoa na kukonda, makohozi yakapimwa, na ikaonekana ana kifua kikuu. Alipewa dawa za miezi sita bila malipo, na sasa amemaliza wiki ya saba. Kikohozi kimepungua, na mkojo wake umekuwa na rangi ya machungwa, jambo ambalo muuguzi alikuwa ametutahadharisha. Lakini tangu wiki ya tatu usingizi umemkimbia tena, chakula anakisukuma, na sokoni hataki kusikia. Cha ajabu ni kwamba ule ukavu wa kinywa na ule ugumu wa choo, ambavyo amitriptilini ilimletea tangu mwanzo, vimekwisha kabisa.

Kila mtu ana ushauri wake. Shemeji yangu anayeishi Ubelgiji anasema kwamba huko mgonjwa wa namna hii hupimwa damu ili ijulikane dawa imefika kiasi gani, na ametutumia boksi la fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, nimchanganyie. Muuzaji wa farmasi iliyo karibu nasi anasema niongeze tu kidonge cha nne na cha tano. Mama mkwe alimpeleka siku tatu kwenye chumba cha maombi, wakafunga. Mimi nilikwenda kwenye maabara moja ya mjini, nikaeleza shida yangu, wakachukua dola 40 na kunipa karatasi iliyoandikwa kwamba serotonini yake iko chini. Juzi usiku mke wangu aliniambia, "Baba watoto, ninyi mngepumzika kama mimi ningemfuata mtoto." Niko tayari kuuza hata kitanda. Nifanye kipimo gani, na wapi?

Mwalimu wa Kadutu

*

Baba Mwalimu,

Barua yako nitaijibu kuanzia mwisho, kwa sababu sentensi yako ya mwisho kabisa kuhusu mke wako ndiyo isiyoweza kungoja. Mama aliyezika mtoto, ambaye usingizi umemtoka tena, na anayesema kwamba wengine wangepumzika kama angemfuata, anasema jambo la kuaminiwa jinsi lilivyo. Usilichukue kuwa maneno ya uchovu. Leo hii, mkiwa wawili na mlango umefungwa, muulize kwa maneno ya wazi kama anafikiria kujiua, na kama amekwisha kufikiria atafanyaje. Najua swali hilo linatisha, na wengi huogopa kwamba kulitaja ni kumpa mgonjwa wazo. Lakini kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, na mara nyingi humpunguzia upweke wa kulibeba peke yake. Jibu lake likiwa ndiyo, au akinyamaza kwa namna usiyoielewa, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na mfike naye siku hiyohiyo kwa daktari wake au Sosame, ambako wakazi wa Bukavu wamezoea kuwapeleka wagonjwa wa akili. Akikujibu hapana, safari ni hiyohiyo, ila mnaweza kungoja kuche.

Sambamba na hilo, chukua vidonge vyote vya amitriptilini vilivyomo nyumbani, pamoja na boksi lililotoka Ubelgiji, uvifungie mahali ambapo ufunguo wake unakaa kwako, na umpe dozi ya usiku mkononi. Amitriptilini ni dawa nzuri, lakini ikinywewa nyingi kwa mkupuo mmoja huvuruga mapigo ya moyo na inaweza kuua. Ni mojawapo ya sababu zinazofanya daktari mwangalifu aandike dawa za wiki chache tu kwa mgonjwa aliye katika hali kama hii.

Sasa nije kwenye damu. Katika barua yako yote, kuna sehemu mbili nilizozisoma mara tatu: mkojo wa rangi ya machungwa, na kinywa kilichoacha kukauka. Rangi ile hutokana na rifampisini, moja ya dawa nne ambazo mgonjwa wa kifua kikuu hunywa katika miezi 2 ya mwanzo, na ambayo huendelea nayo pamoja na isoniazidi katika miezi 4 inayofuata. Rifampisini ina tabia moja ambayo kila daktari na kila muuguzi anayeitoa anapaswa kuikumbuka: huliamsha ini lizalishe kwa wingi vimeng'enya vinavyovunjavunja dawa nyingine. Kazi hiyo huanza siku chache baada ya kidonge cha kwanza, na katika wiki moja au mbili hivi inakuwa imepamba moto. Amitriptilini ni miongoni mwa dawa zinazovunjwa hivyo. Kwa hiyo mke wako anaweza kuwa anameza vidonge vitatu vilevile, kwa saa ileile, bila kukosa hata kimoja, na bado kiasi kinachobaki katika damu yake kikawa kidogo mno kuliko kile kilichomfanya aimbe akipepeta mchele. Ukavu wa kinywa na ugumu wa choo ni alama za amitriptilini mwilini. Ni kweli kwamba kwa baadhi ya watu hupungua wenyewe kwa mazoea, lakini hapa zimetoweka katika wiki zilezile ambazo huzuni ilirudi, baada ya miezi ya kuwepo. Mimi siwezi kuapa kutoka kwenye kiti changu kwamba ndicho kilichotokea. Ninachosema ni kwamba ndilo swali la kwanza la kumpelekea daktari, na hukuandika popote kwamba daktari wa akili anajua habari za kifua kikuu, wala kwamba muuguzi wa kifua kikuu amewahi kuiona karatasi ya amitriptilini. Nashuku kwamba mna madaftari mawili katika bahasha mbili, na kwamba hayajawahi kuwekwa juu ya meza moja.

Shemeji yako hakukosea kuhusu kipimo, ila amekieleza kana kwamba ni kitu cha kila mgonjwa. Kupima kiwango cha dawa katika damu kuna uzito tofauti kwa dawa tofauti. Anayetumia lithiamu, dawa ya wale ambao hali yao hupanda na kushuka, hana hiari: lazima apimwe mara kwa mara, kwa sababu kati ya kiwango kinachotibu na kiwango kinachosumisha kuna hatua fupi sana. Kwa dawa kama fluoksetini na sertralini, uhusiano kati ya tarakimu ya damu na nafuu ya mgonjwa ni dhaifu, hivyo wengi hutibiwa na kupona bila kupimwa hata mara moja. Amitriptilini na jamii yake ziko karibu zaidi na lithiamu. Kikundi cha wataalamu wa nchi zinazozungumza Kijerumani kinachoitwa AGNP, ambacho mwongozo wake wa mwaka 2004 ulirekebishwa mwaka 2011 na tena mwaka 2017, kinapendekeza kwa nguvu dawa za jamii hiyo zipimwe. Kwa amitriptilini hujumlishwa dawa yenyewe na nortriptilini, ambayo ini huitengeneza kutokana nayo, na jumla inayotakiwa ni nanogramu 80 hadi 200 kwa kila mililita ya damu; ikipita 300 maabara inapaswa kumjulisha daktari haraka. Na si kwamba kuzidi ndiyo kupona zaidi. Mwaka 1971, huko Uswidi, Marie Åsberg na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa waliotumia nortriptilini walipata nafuu bora pale kiwango kilipokuwa cha katikati, na kwamba waliokuwa chini sana na waliokuwa juu sana wote walibaki nyuma. Ndiyo sababu ushauri wa jirani yako wa farmasi, wa kuongeza kidonge cha nne na cha tano kwa kukisia, siupendi hata kidogo, ingawa huenda daktari mwenyewe mwishowe akaamua kuongeza. Watu wawili wanaokunywa dozi moja ya dawa hizi wanaweza kutofautiana katika damu mara kumi na zaidi, kwa sababu ya maini waliyozaliwa nayo tu, kabla hata rifampisini haijaingia nyumbani.

Kuhusu zile dola 40, pole sana. Karatasi uliyopewa haijibu swali lako. Serotonini ni kemikali ambayo neva hutumia kupelekeana ujumbe; sehemu kubwa yake imo katika utumbo, na ile ya damuni imebebwa na chembe zinazogandisha damu; haituelezi yaliyomo katika ubongo, wala haituambii kama amitriptilini imefika kiasi gani. Hakuna daktari anayegundua sonona wala kurekebisha dozi kwa kipimo hicho. Usiilipie tena, na usimwonyeshe mgonjwa karatasi hiyo kana kwamba ni hukumu.

Kipimo cha kweli cha kiwango cha dawa huhitaji mashine ambazo maabara ya mtaani, ile inayotazama malaria na sukari na wingi wa damu, haina. Mara nyingi damu huchukuliwa mahali pamoja na kusafirishwa hadi maabara kubwa, pengine ya nchi nyingine. Kwa hiyo daktari ndiye aulizwe kwanza kama anayo njia ya kuituma, na kama jibu litarudi mapema kiasi cha kumsaidia kuamua. Ikiwa njia ipo, basi dola zako zitafaa tu iwapo damu itatoka kwa saa yake. Kiwango kinachotafutwa ni kile cha chini, kabla ya dozi inayofuata, na ni lazima mgonjwa awe amekaa kwenye dozi ileile kwa wiki moja au mbili bila kuibadilisha, ili mwili uwe umefika mahali pa kutulia. Kama mke wako hunywa vidonge vyake saa mbili usiku, damu itolewe kuanzia saa mbili asubuhi, na isipite saa sita mchana. Ikitolewa mapema, kwa mfano saa mbili au tatu baada ya kumeza, itaonyesha kiwango cha juu kitakachomdanganya daktari. Mwambie pia mtoa damu asitumie chupa yenye jeli ndani, kwa kuwa jeli hiyo hunyonya sehemu ya dawa za jamii hii na kuishusha tarakimu. Na pamoja na chupa iende karatasi yenye jina la dawa, dozi, siku tangu dozi ilipobadilishwa mara ya mwisho, saa ya kumeza, saa ya kutoa damu, na dawa nyingine zote, rifampisini ikiwa ya kwanza. Tarakimu isiyo na saa ni sawa na alama ya mtihani isiyo na jina la mwanafunzi. Wewe ni mwalimu, unajua ungeifanya nini.

Lakini ngoja. Kabla ya kuuza kitanda, kuna mambo ambayo hayagharimu kitu na ambayo yanaweza kueleza nusu ya habari. Hesabu vidonge. Uliandika kwamba alikaa siku tatu katika chumba cha maombi akifunga. Je, usiku wa siku hizo tatu alimeza dawa zake, za akili na za kifua? Sina neno na maombi, na mama mkwe anafanya anachokijua kwa upendo, lakini kufunga kwa mgonjwa huyu kusiguse vidonge, na yeye mwenyewe, akiwa anakonda kwa kifua kikuu, hapaswi kukaa na njaa. Uliza kwa upole, bila kumfanya ajione mshtakiwa. Tazama pia vidonge vyenyewe: vinatoka katika boksi lenye jina na tarehe, au huhesabiwa kutoka kwenye kopo na kutiwa ndani ya kimfuko cha plastiki kisicho na maandishi? Mlibadilisha farmasi katika miezi hii? Dawa isiyo na nguvu huleta kiwango cha chini sawasawa na ini lenye bidii.

Tena, si kila kinachofanana na sonona ni sonona. Kifua kikuu chenyewe huondoa hamu ya kula, hukondesha, huchosha na kuharibu usingizi kwa jasho la usiku. Isoniazidi nayo, kwa watu wachache, huweza kuvuruga hisia na akili. Kuna jambo la historia ninalolikumbuka kila ninapokutana na wagonjwa wa maradhi haya mawili: mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu mjini New York, ndugu yake isoniazidi, dawa iitwayo iproniazidi, ilipojaribiwa, wagonjwa walichangamka kuliko ilivyotarajiwa, na kutokana na hapo ikaja kuwa miongoni mwa dawa za kwanza za sonona. Yaani dawa za kifua na dawa za huzuni zimekuwa zikikutana tangu zamani, na daktari wenu hatashangaa mkimletea swali hili.

Pamoja na hayo yote, dawa za kifua kikuu zisisimame hata siku moja kwa nia ya kuisaidia amitriptilini. Kuzikatisha ni kumwalika mdudu sugu, na watoto watatu wanalala katika nyumba hiyo. Anayebadilika hapa ni yule wa upande wa pili: daktari anaweza kupandisha amitriptilini hatua kwa hatua huku akiutazama moyo kwa mashine, au akabadilisha dawa, au akaongeza mazungumzo ya mara kwa mara na mtaalamu kuhusu mtoto mliyemzika, jambo ambalo hakuna kidonge kinachoweza kulifanya kwa niaba yenu. Na lile boksi la fluoksetini, lirudishe kwa shemeji kwa shukrani, au umkabidhi daktari. Fluoksetini huzuia kimoja kati ya vimeng'enya vinavyoondoa amitriptilini, yaani hufanya kinyume cha rifampisini, na mabaki yake hukaa mwilini wiki nyingi hata baada ya kuachwa. Ukiichanganya mwenyewe utakuwa na dawa moja inayoshusha na nyingine inayopandisha, na hakuna atakayejua mizani imelalia wapi. Akipatwa na malaria katika kipindi hiki, anayemtibu aambiwe kuhusu amitriptilini kabla hajaandika kitu, kwa sababu kwinini na baadhi ya dawa nyingine za malaria nazo hugusa mapigo ya moyo.

Nenda, leo au kesho kulingana na jibu lake, na madaftari yote mawili, pamoja na vidonge vyenyewe katika vifungashio vyake. Usianze kwa kuomba kipimo. Anza kwa kusema alichokuambia juzi usiku, kisha tarehe aliyoanza rifampisini, kisha wiki ambayo usingizi ulipotea na kinywa kikaacha kukauka. Mbele ya mambo hayo matatu, daktari anaweza kuchukua hatua siku hiyohiyo, na damu, ikiwezekana kupimwa, itakuja kumthibitishia au kumsahihisha.

Kuna tarehe moja ambayo naomba usiiache iwapite. Rifampisini itakapokwisha, baada ya miezi sita kutimia, ini litarudi polepole katika mwendo wake wa zamani, katika wiki mbili hivi, na dozi ya amitriptilini iliyokuwa imepandishwa ili kuishinda itakuwa imezidi. Hapo ndipo kinywa kitakapokauka kupita kiasi, macho yataona ukungu, mkojo utagoma, moyo utakwenda mbio, na mgonjwa anaweza hata kuchanganyikiwa, wakati ambao familia nzima inasherehekea kwamba kifua kimepona. Dozi inapaswa kuangaliwa upya wakati huo, na kama kuna damu moja tu mnayoweza kumudu kuilipia mara ya pili, ni hiyo. Ihesabu tarehe hiyo sasa, uiandike kwenye jalada la daftari lake la matibabu kwa ile kalamu nyekundu unayosahihishia madaftari ya wanafunzi wako, na chini yake uandike: kumwona daktari kabla ya siku kumi na nne kupita.